Vidole Viwili

Jirani hupima kwa vidole. Akishapigilia ubao, huingiza vidole viwili kwenye upenyo ulio kando yake, na vikipita huung'oa aanze upya, maana hapo hata nguchiro atapita. Misumari huiweka mdomoni na huongea nayo humo humo. Esnati alimchungulia siku nne kupitia ua wa mabua, akijisingizia kutwanga, na kila nyundo ilipogonga alimkumbuka mumewe, aliyeahidi banda la kuku tangu mvua za mwaka juzi. Jirani hana mume wa kumwahidi chochote. Kuku saba wa Esnati wamebaki watatu, nao hulala jikoni.

Alasiri ya tano banda lilisimama juu ya miguu yake, limezungushiwa waya. Jirani hakuita mtu aje kulitazama. Alipanda akaingia mwenyewe, akajifungia, akachutama akipapasa mbao kwa kiganja, akitafuta panapopenya chiperoni, ule upepo wa manyunyu. Esnati aliomba moyoni apaone. Kumbe tetea wake mwekundu, yule mtagaji, alikwisha kupita chini ya ua na kusimama mbele ya mlango.

"Mama Tamanda," sauti ilitoka bandani, "kuku wako anabisha hodi. Nimfungulie?"

"Mfukuze."

"Namfukuza tangu jana. Mbishi kama mwenyewe."

Esnati alimfuata tetea, akamrudisha jikoni kwapani. Alipofunga mlango, aliingiza vidole viwili kwenye upenyo. Vikapita, na mkono mzima ukafuata.