Upande Mnene wa Moyo

Warigia amekata nyama Soko la Burma miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyethubutu kumfundisha kitu kuhusu mbuzi. Jumapili hiyo alasiri, baada ya kanisa, alikuwa ameketi nyumbani kwake Kaloleni akifundishwa na simu.

Tena simu yake mwenyewe, kwa bando aliyoinunua mwenyewe. Mwalimu Mumo, wa sayansi ya Gredi ya Nane, alikuwa ametuma video kwenye kundi la WhatsApp la wazazi na kuagiza kila mtoto auchore moyo kwenye karatasi ya manila, aandike majina ya sehemu zake, alete mchoro huo Jumatatu asubuhi. Eve, bintiye Warigia, alikuwa amekosa jaribio lililotangulia kwa sababu ya malaria. Alama za mchoro huu ndizo pekee zilizomsalia muhula huo. Akianguka hapa, sayansi imekwenda.

Video yenyewe ilikuwa balaa. Kwanza tangazo la kamari. Kisha kale kaduara ka kusubiri kakazunguka mpaka Warigia akahisi kizunguzungu. Halafu akaja kijana mmoja anayeongea Kiingereza kama mtu anayefukuzwa, akauonyesha moyo sekunde tatu, na papo hapo likaingia tangazo la shampuu.

"Hawa watu wanafundisha ama wanauza?" Warigia alifoka.

Hatimaye mchoro ukatulia. Akauinamia, akakunja uso.

"Hebu simamisha hapo. Huu upande mnene wameuandika nini?"

"Left, mum. Kushoto."

"Na mbona wameuchora kulia?"

"Hapo ni kulia kwa picha, lakini ni kushoto kwa mwenye—"

"Eve. Mimi kila siku namfungua mbuzi akining'inia mbele yangu. Upande mnene uko mkono huu." Akainua wa kushoto. "Hawa wameugeuza. Futa, uchore upya."

"Lakini mum, mwalimu ndiye ametuma hiyo link."

"Link ni link, nyama ni nyama."

Eve alijaribu tena, akaanza hata kuinuka amwonyeshe mamake kwa mwili wake. Warigia alikuwa amechoka na matangazo, amechoka na kale kaduara, na sasa huyu naye. Akaizima simu. "Utabishana na mimi siku ukishakata mbuzi wako wa kwanza," akasema. Eve akachukua kifutio.

Kama angekomea hapo, afadhali. Lakini aliiwasha simu tena akawarekodia wazazi wote ujumbe wa sauti: video ya mwalimu ina makosa, upande mnene uchorwe kushoto, yeye anaijua mioyo. Nani angebishana na mchinjaji? Vidole gumba kumi na kimoja vikamjibu, na katika nyumba kumi na moja watoto wakafuta michoro yao.

Asubuhi yake Jecinta, mama wa Ndete anayesoma na Eve, alikuja buchani kununua nusu kilo.

"Mama Eve, wewe na moyo wako! Ndete amelia jana akichora upya."

"Bora alie nyumbani kuliko shuleni," Warigia alisema, akamvuta mbele ya Jecinta mbuzi aliyening'inia, moyo ukiwa bado ndani. "Ona mwenyewe. Upande mnene, kushoto."

Jecinta aliinamisha kichwa, akakiinamisha zaidi, mpaka kitambaa cha kichwani kikataka kumdondoka.

"Sasa, si huyu ananing'inia kichwa chini? Yule wa picha si amesimama?"

"Moyo ni moyo. Wako uko wapi?"

Jecinta akaweka kiganja kifuani, kushoto kwake. Warigia, aliyesimama akimwelekea, akakitazama kile kiganja. Kwake yeye Warigia kilikuwa upande wa kulia, palepale video ilipokuwa imeuchora moyo.

"Ngai, Mungu wangu," akasema.

Alimwachia Gachanja, mwenzake wa buchani, kisu na wateja, akautia moyo wa mbuzi kwenye kibakuli, akaenda shuleni mbio na koti lake jeupe lenye damu. Alijilaani njia nzima, na video akailaani kidogo pia.

Mwalimu Mumo alikuwa na manila mezani na macho mekundu.

"Michoro kumi na miwili imegeuka namna moja," alisema. "Nimeitazama ile video mara nne nikidhani mimi ndiye nimechanganyikiwa."

"Ni mimi, mwalimu. Mbuzi wangu huning'inia. Niadhibu mimi, usimwadhibu Eve."

Mwalimu akamwita Eve, akampa kile kibakuli, akamwambia aeleze. Eve aliutoa moyo, akauweka mbele ya kifua chake, upande mnene kushoto kwake, akaeleza damu inakoingia, inakotoka, na kwa nini ukuta ule umekuwa mnene. Hakukwama hata mara moja.

"Kumbe unajua," mwalimu alisema. "Basi wote kumi na wawili mtachora upya mchana, nitasahihisha hiyo."

Warigia alishusha pumzi, kisha hasira ikampanda upya.

"Eve, ulikuwa unajua haya yote tangu jana?"

"Nilikuwa najua."

"Na mbona ukachora ujinga wangu?"

"Nilikuambia, mum. Ukasema ningoje mpaka nikate mbuzi wangu wa kwanza."

Mwalimu Mumo akajifanya anapanga manila. Warigia alijipangusa mikono kwenye koti, akatoa simu, akafungua kundi la wazazi na kubonyeza pa kurekodi.

"Wazazi, ni Mama Eve. Jana niliwapotosha. Msikilizeni huyu."

Akampa bintiye simu. Eve alieleza kwa dakika tatu nzima, na mamake, akiwa ameshika kibakuli, hakumkatiza.