Kiungo Kimeshika

Mume wangu ni fundi bomba, na mtaa mzima unamwita Koki. Hawezi kukaa karibu na bomba linalodondoka. Tuliwahi kwenda kuwapa pole majirani waliofiwa, nikamkuta jikoni kwao, suruali ya heshima imelowa magotini, anabadilisha mpira wa koki. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Alipotapika damu mara ya kwanza, daktari alitueleza taratibu. Ndani ya ini kuna kemikali zinazoiamuru mishipa ijibane na nyingine zinazoiamuru ilegee, ndivyo damu inavyopita kwa kiasi. Ini la Koki lina makovu ya homa ya ini ya zamani. Kemikali za kubana zimezidi, za kulegeza zimepungua. Damu inakosa njia, inarudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya kooni.

"Kwa hiyo kiungo dhaifu ndicho kitakachopasuka," Koki akasema.

"Ndivyo. Vidonge hivi vinapunguza presha hiyo. Usiviache hata ukijisikia mzima."

Nilifurahi kwamba ameelewa. Kumbe kuelewa kwake ndiko kulikomponza. Fundi bomba akishaziba kiungo, hufungulia maji kidogo kidogo huku akipapasa kama kuna unyevu. Vidonge vilimpunguzia mapigo ya moyo, akawa anapata kizunguzungu juu ya ngazi. Damu haikuonekana tena. Basi akaanza kumeza nusu, halafu robo, bila kuniambia.

"Mama watoto, kiungo kimeshika," aliniambia jana mezani, anajisifu. "Wiki hii nimeshafungulia yote."

"Umefungulia nini?"

Aliponieleza kwamba ameacha vidonge kabisa nilimtukana, na sijuti. Nilikuwa nimemletea maji na kidonge kizima alipoinama akatapika damu sakafuni.

Hapa hospitalini wameifunga ile mishipa kwa vipira vidogo, wamemwongezea damu. Daktari anasema tusubiri azinduke, ila alisema bila kunitazama, na mimi naogopa. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. Huyu wangu alisikia kila neno.

Koki ya sinki la wodi inadondoka. Nimeikaza kwa mikono miwili, imekataa. Nimerudi kitandani nikamwinamia sikioni.

"Baba watoto, kuna koki inavuja hapa. Amka uifunge."

Nimeushika mkono wake wa kulia, nasubiri utikisike. Maji yanadondoka, naye ametulia tu.