Picha ya Samaki Kumi na Wawili

Jumamosi, tarehe 22 Juni. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, mlima ukapotea kabisa. Yalikuwepo manyunyu yale yasiyolowesha mara moja, lakini ukikaa nje kidogo unakuta kitenge kimekuwa kizito. Saa sita jua lilichungulia, likarudi ndani.

Leo mjomba alikuja kutoka Lundo, kule ziwani, na ameondoka leo hii hii. Naandika mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Tangi la samaki liko kwenye korido yetu. Mume wangu alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya dirisha vilivyobaki tulipojenga, na urefu wake unakaribia benchi la kanisani la watu wanne. Sebuleni lilikosa nafasi kwa sababu ya cherehani zangu mbili. Samaki aliwaleta mjomba, kaka wa marehemu mama, mwaka jana kwenye dumu lililokatwa juu. Walikuwa mbuna kumi na wawili, wale wadogo wa kwenye mawe ya ziwani, wengine wa bluu wenye michirizi, wengine wa njano. Miaka mingi yeye na mwenzake mmoja walikuwa wakizamia samaki wa mapambo kwa ajili ya tajiri fulani, mpaka masikio yake yakaharibika na daktari akamkataza. Hao kumi na wawili ndio wa mwisho aliowatoa majini kwa mkono wake. Hakutaka kuwauza.

"Wakae kwako, mwanangu," alisema siku ile. "Nikija Mbinga niwe na mtu wa kumwangalia."

Mume wangu akamuuliza, "Kumbe sisi siyo watu, mjomba?"

"Ninyi Wamatengo mnaongea mno. Hawa wananyamaza."

Tukacheka. Sharti alitoa moja tu. Akasema maji ya huku juu ni ya barafu, na samaki wa ziwani hawajui baridi, kwa hiyo hita isizimwe.

Mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa na magauni kumi na tisa ya kipaimara. Soketi ya koridoni ndiyo pekee nyumbani isiyochezacheza, na ndiyo yenye hita. Alhamisi nikachomoa hita, nikachomeka pasi. Nilipiga pasi Alhamisi yote na Ijumaa yote. Jumamosi mchana, magauni yameshachukuliwa, wenye watoto wameshanisifia marinda, nikapita koridoni na ndoo ya kudekia. Wanane walikuwa wanaelea. Wanne walikuwa wamejibana chini ya jiwe, wamelala upande.

Nikachomeka hita. Wale wanane nikawafukia nyuma ya nyumba, kwenye kahawa. Mume wangu alikuwa Namswea kwa kaka yake. Aliporudi Jumapili nikamwambia umeme ulikatika siku mbili. Akasema, "Pole." Ukweli lazima usemwe: umeme haukukatika hata dakika moja. Kama ungekatika, ningepigaje pasi magauni kumi na tisa? Lakini hakuuliza hivyo, kwa sababu ananiamini.

Mjomba sikumwambia kitu. Ningeweza kusema nilitafuta siku nzuri ya kumwambia, lakini sikuitafuta. Wiki iliyofuata akapiga simu mwenyewe.

"Kila mara unanitumia vipande," akalalamika. "Leo kichwa cha tangi, kesho mkia. Nipigie wote kwa pamoja, kama picha ya kwaya."

Vile vipande nilivyomtumia zamani vilikuwa vya ukweli, na sababu ilikuwa korido. Ni nyembamba. Ukiegemeza mgongo ukutani, simu bado haipati hata nusu ya tangi. Nikamweleza mteja wangu mmoja, mpiga picha wa harusi, aliyekuwa ameleta suruali ipunguzwe kiuno. Akanifundisha akiwa amesimama pale pale, nimemzungushia tepu. Alisema piga vipande, kila kipande kiingie ndani ya mwenzake theluthi moja, halafu simu itaunga yenyewe. Simu ikae kimo kimoja, umbali mmoja kutoka kwenye kioo.

"Usigeuze shingo," akasema. "Nenda upande upande kama kaa. Na zima taa ya korido, uache ya tangi peke yake."

Nilielewa haraka kwa sababu ni kama kuunga kitambaa cha mirabamiraba. Usipoacha pa kupandanisha, mistari haikutani.

Nikaweka simu juu ya stuli, nikawa naisogeza. Picha ya kwanza ilitoka na mimi mwenyewe ndani ya kioo, na aproni yangu nyeupe, mara nne. Unaweza kudhani masista wanne wamesimama majini. Nilicheka peke yangu. Nikavua aproni, nikajifunga kitenge cheusi, nikapiga tena.

Safari hii kioo kilikuwa safi. Lakini samaki wakiona mtu wanadhani analeta chakula, kwa hiyo walinifuata. Nilipohamia kipande cha pili nao wakahamia. Simu ikaunga, nami nikahesabu samaki tisa. Mmoja alikuwa amekatika tumboni pale vipande vilipokutana, mbele hana nyuma.

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mwangalifu nisijionee huruma. Ile picha ya samaki tisa ilikuwa bahati mbaya. Ningeifuta, au ningeituma na kueleza, nisingekuwa na la kuandika leo. Badala yake nilifurahi. Nikaenda kuchukua chakula chao, nikashika kidogo kwa vidole vya mkono wa kushoto, na simu mkono wa kulia, nikawavuta wale wanne kutoka mwisho mmoja wa tangi mpaka mwingine. Nilipiga vipande vitano, polepole, nikisubiri kila mara wajipange. Nilirudia mara nyingi. Nilitaka kumi na wawili na nikapata kumi na wawili, wote wana vichwa na mikia, na maungio hayaonekani. Katika maisha yangu ya ufundi sijawahi kuunga kitu vizuri namna ile.

Nikamtumia bila maneno. Nilijiambia kwamba mimi sijadanganya, sijaandika "wote wazima", picha ndiyo imesema.

Alipiga simu akiwa na furaha mpaka sauti inakwaruza. "Wamenona! Na yule mwenye mkia uliochanika, kachanika lini?" Nikasema sijui. Kumbe yule mwenye mkia uliochanika alikuwa ametokea mara tatu.

Juzi akapiga tena. Wavuvi wa pale walikuwa wamemnasa mbuna jike kwenye wavu karibu na mawe, kidevu kimevimba, maana majike ya hao samaki hubeba watoto mdomoni na hayali chochote mpaka watoto watoke. Mjomba alikuwa amemweka kwenye beseni.

"Nilitaka kumrudisha ziwani," akasema. "Lakini kwa vile wenzake kwako wamestawi hivyo, namleta mwenyewe Jumamosi. Azalie kwako."

Nikasema, "Karibu, mjomba."

Leo saa nne nilikuwa stendi. Akashuka na ndoo ndogo yenye mfuniko, ameiviringishia blanketi, na ndani ya blanketi chupa ya maji ya moto. Nikapiga goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, matope hayo."

Tukatembea. Nilitaka kumpokea ndoo, akakataa, akasema ameuzoea uzito wake. Mwendo wa kutoka stendi mpaka kwetu ni dakika ishirini kwa miguu yake, na zote nilikuwa nazo za kusemea. Alizitumia yeye.

"Unajua kilichonileta siyo huyu mama peke yake. Yule mwenzangu tuliyekuwa tunazamia naye nilimwonyesha picha, pale nje ya kanisa, watu wamejaa. Akaitazama, akasema, 'Mpwa wako amekupiga chenga. Huyu ni samaki mmoja amepigwa mara tatu.' Nikamwambia ni mwongo, na ana wivu kwa sababu yeye hana mpwa wa kumtunzia. Nikamwambia macho yake yameingia maji. Sasa nimekuja niwahesabu kwa macho yangu, nikamzibe mdomo."

Nilitazama viatu vyangu njia nzima. Mtu akiniuliza leo duka gani lilikuwa wazi na lipi limefungwa, sijui.

Nyumbani mume wangu alimpokea vizuri. Mjomba hakukaa. Alikwenda koridoni moja kwa moja, akaweka ndoo chini, akainama mbele ya tangi na mikono kwenye magoti. Wanne wakaja kwenye kioo kumwangalia. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Wengine wamejificha kwenye mawe?"

Alikuwa ananifungulia mlango bila kujua. Ningesema ndiyo, ningepata dakika tano zaidi. Sitaki kujisifu kwamba nilikuwa jasiri, mawe yenyewe ni manne na angeyainua.

"Hapana, mjomba. Wengine walikufa."

Mume wangu, kwa nia njema kabisa, akaingilia: "Umeme ulikatika siku mbili, mjomba. Hakuwa na la kufanya."

Nikasema, "Umeme haukukatika. Nilichomoa hita nikapiga pasi, nikasahau."

Mume wangu akanitazama.

"Walikufa lini?" mjomba akauliza.

"Kabla ya picha."

Akatoa simu mfukoni, akaifungua ile picha, akaiweka karibu na kioo. Akawa anatazama simu, anatazama tangi. Akaweka kidole juu ya mkia uliochanika, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilidhani atapaza sauti. Natamani angepaza.

"Mpigie wewe," akasema. "Mimi nilimwita mwongo."

Akanipa simu yake, ikiita tayari, sauti ya nje. Yule mzee mwenzake akapokea. "Eeh, umeshahesabu?"

"Shikamoo, baba. Siyo mjomba, ni mimi mpwa wake."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Samaki ni wanne. Mimi ndiye niliyewapiga wakawa kumi na wawili. Mjomba hakujua. Ulisema kweli."

Kuku wa kwake walikuwa wanasikika. Halafu akacheka, kicheko cha kikohozi. "Wanne? Mimi nilihesabu watano. Basi na mimi macho yangu kweli yameingia maji. Mpe simu huyo mzee."

Mjomba akachukua. "Nimesikia. Nilikuita mwongo mbele ya watu. Kesho baada ya ibada nitakuomba radhi, watu wale wale wakiwepo."

"Acha bwana, samaki tu hao."

"Siyo samaki," mjomba akasema, akakata.

Hapo ndipo ilipoanza kuniuma kwa kweli. Kosa langu mimi, na kesho atakayesimama nje ya kanisa ni yeye, mzee mwenye masikio mabovu, asiyesikia vizuri hata watu wakicheka. Nilisema nitakuja niseme mwenyewe. Akasema hapana, aliyetamka ni yeye.

Nikamwomba basi yule samaki mama abaki, hita haitaguswa tena, pasi nitapigia kwa jirani.

"Huyu hajala siku nyingi," akasema, akiifunga ndoo vizuri. "Amejinyima kwa ajili ya walio mdomoni. Nikimwacha hapa, nitakuwa napiga simu kila siku kuuliza, na kila utakachonijibu nitakuwa sijui." Alilisema taratibu, kama mtu anayetaja bei. Kuhusu wale wanne alisema wabaki, safari ingewamaliza.

Nilichemsha maji, nikabadilisha chupa ndani ya blanketi. Hilo aliniachia nifanye. Kwenye basi la saa nane aliketi dirishani, ndoo mapajani. Akanipa mkono, siwezi kusema hakunipa. Lakini ule wa kushoto haukutoka kwenye mfuniko.

Mume wangu hajaniuliza lolote kuhusu umeme. Alasiri nilimkuta amefungua soketi ya sebuleni na bisibisi, anaitengeneza. Nikamshikia tochi. Mara moja tu akasema, "Ungeniambia." Nikasema ndiyo.

Saa kumi na mbili mjomba akatuma ujumbe: "Nimemwachia penye mawe. Kashuka." Nimeusoma mara kadhaa. Hauna jina langu wala salamu, lakini ametuma.

Jioni tumekula ugali na kuku aliyechinjwa asubuhi kwa ajili ya mgeni, naye ameondoka bila kula. Firigisi ya mjomba tuliiacha chunguni.