Mnyororo Mkavu wa Nakhisa

Watu wa Nateete, mtaa wetu hapa Kampala, wakiambiwa fundi wa pikipiki ni msichana, hucheka kwanza, kisha ndipo huuliza. Mimi nauza chai mbele ya karakana anayojifunzia Nakhisa, na wanaomcheka huwa nawachelewesha kwa makusudi.

Alilelewa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, mji wa jua na mchanga. Baba yake Makokha alipelekwa huko kufundisha shule ya msingi, akasahau kurudi kwao Bungoma. Huko mchanga huingia hata kwenye ugali. Nakhisa alianza kutengeneza baiskeli ya baba akiwa bado mwanafunzi, na aliposema anataka kusomea ufundi wa mitambo, shangazi zake walimshauri asomee ushonaji. Akawajibu kwamba vyerehani vyao vikiharibika wamwite. Akapanda basi mpaka Kampala, kwenye chuo kimoja cha ufundi huko Mengo. Mwaka wa mwisho wakamtuma kwa Okwera, mwanajeshi mstaafu mwenye karakana hii, afanye mazoezi. Okwera asiporidhika naye, cheti hapati.

Hakukaa sana akakosea. Aliletewa boda kuisafisha. Akaosha mnyororo kwa petroli mpaka ukang'aa, akauacha mkavu bila tone la oili. Kwao ndivyo wafanyavyo: ukipaka oili, mchanga unaganda na kuusaga mnyororo. Lakini hapa ni Kampala, na mvua zilikuwa zimeanza. Mnyororo wenyewe ulikuwa mzee. Ukashika kutu, ukakatika mwenye boda akipanda mlima wa Mengo na abiria nyuma. Mungu mkubwa, walichubuka magoti tu.

Yule bwana akaja anasukuma pikipiki mvuani, amefura kwa hasira.

"Afande, huyu mukazi, mwanamke huyu, asiguse piki yangu tena! Mnyololo ameua!"

Okwera aliukagua mnyororo, hata hakupandisha sauti. "Nakhisa, wewe toka kwa mashine. Kuanzia kesho unakaa kwa kaunta, unapokea wageni."

Kaunta! Mtu ale vumbi miaka yote ile, aje aishie kuwaambia watu karibuni. Nilikasirika mpaka nikaliweka birika chini.

"Kosa ni langu, afande," Nakhisa akasema. "Kwetu adui ni mchanga, hapa adui ni maji. Hilo nimelielewa, sitarudia. Lakini kaunta siendi. Mnyororo mpya nafunga mimi. Na kabla ssebo, bwana huyu, hajaipanda, naipanda mimi, mpaka juu Mengo na kurudi, na mvua hii hii."

"Ukianguka?"

"Utanifukuza nikiwa chini. Saa hii bado nimesimama."

Mwenye boda akaangalia mvua, akaangalia magoti yake, akamsogezea pikipiki. Nakhisa akafunga mnyororo, akaupaka oili pingili kwa pingili, akaondoka. Sitaficha, niliogopa. Barabara ile ikilowa huteleza kama sabuni, na chai yangu siku hiyo iliungua.

Akarudi ametota, tope mpaka kiunoni. Akampa mwenye boda ufunguo. Yule bwana akachutama, akagusa mnyororo, akafuta vidole kwenye suruali yake, akawasha na kwenda zake.

Nakhisa akasimama mbele ya Okwera, maji yakimchuruzika.

"Sasa nifukuze, afande."

Okwera akaelekeza kidevu kwenye pikipiki iliyokuwa ukutani.

"Ile nyekundu breki yake haishiki. Anza na hiyo."