Milango Mitano ya Kijani Mpauko

Mama alipokuja kuishi nasi huku ughaibuni, Thornton Heath, kitu alichokitaka kuliko vyote ni kwenda chooni peke yake. Hakukisema. Mama yangu ni mtu wa Urambo, na mama wa Urambo hamwelezi mwanawe wa kiume habari za choo. Lakini nilikiona. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka kidogo kidogo, na korido yetu ya chini ina milango mitano, yote ilikuwa myeupe, imefanana kama mayai ya kuku mmoja: chumba chake, jiko, kabati la chini ya ngazi, choo, na mlango wa kutokea nje.

Akiupoteza mlango, alisimama katikati ya korido, miguu kaibana, akisema anatazama picha ukutani. Hapakuwa na picha.

Mke wangu akiwapo, alimshika mkono wakaenda wanacheka kama wasichana. Lakini mke wangu anatunza wazee kwenye makao yao huko mjini, anatoka alfajiri na kurudi jioni. Mimi zamu yangu ya stesheni Stratford huanza jioni. Kwa hiyo mchana kutwa tulibaki wawili, mama na mwanawe wa kiume, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kwa safari hiyo. Siku niliyothubutu kusema, "Mama, choo ni huku," alinitazama kama nimemvua kanga sokoni. Toka hapo akaacha kunywa chai asubuhi. Mama yangu, mtu aliyeweza kumaliza birika la watu sita na kuuliza kama limebaki tone! Akaanza kukauka midomo.

"Anajizuia," mke wangu akasema. "Asipokunywa ataugua, na akiugua watamlaza. Akilazwa, baba watoto, sijui kama atarudi hapa."

Ndiye aliyenieleza kwamba kwao kazini mlango wa choo hupakwa rangi ya peke yake, ili mzee auone tu na kujua. Hapo nikaruka. Mimi nina cheti cha upakaji rangi! Nilikipata kwa masomo ya jioni, mwaka mzima, siku za mapumziko ya kazi, na sijisifu, lakini mwalimu alipoona kingo zangu zilivyonyooka alinyamaza kidogo. Watu huwa nawaambia alilia.

Rangi yenyewe sikuhitaji kuiwaza. Choo chetu cha nyumbani, uani, kilikuwa na mlango wa mbao ambao marehemu baba aliupaka kwa rangi iliyobaki walipopaka zahanati. Kijani mpauko, kile cha kuta za serikali, kama maziwa yaliyodondoshewa maji ya mchicha. Mama aliufungua mlango ule kwa miaka arobaini. Dukani nilimchosha muuzaji. Mashine yake ilichanganya rangi mara nne, na mara ya nne nikainua mkono asimame. Ni yenyewe. Makopo madogo yalikuwa yamekwisha, nikabeba la lita tano.

Nikapiga msasa, nikapaka rangi mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, nikaacha ikauke. Asubuhi ya tatu mama akatoka chumbani kwake, akasimama, akautazama ule mlango. Akaenda. Hakuniuliza, hakunitazama. Nilisikia maji, nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikafuta macho kwa taulo ya vyombo. Siku hiyo alikunywa vikombe vitatu vya chai, na kwa wiki mbili nzima nyumba yetu ilikuwa na amani ambayo hata wafalme hawaijui.

Ningeishia hapo. Ila lita tano ni nyingi, na mlango mmoja hauli hata nusu lita. Kwetu rangi haitupwi. Rangi ya zahanati ilipaka mlango wa choo, kiti cha baba, baiskeli, na nadhani jogoo mmoja aliyekaa karibu. Kopo likibaki, unatazama huku na huku kuna nini hakijapakwa. Nikapaka kabati la chini ya ngazi. Likapendeza mno, jiko likaonekana limeonewa, nikalipaka. Kisha mlango wa mama. Kisha wa nje, pande zote mbili, maana mwenye nyumba alisema nipake nitakavyo.

"Umebakisha mimi tu," mke wangu akasema akivua viatu. "Kesho nitaamka kijani."

"Simama vizuri, sijamaliza," nikamjibu, tukacheka. Hata yeye hakuona. Mtu anayeijua kazi ile hakuona, na mimi mwenye cheti ndio usiseme.

Jumanne nilikuwa bustanini nyuma, napaka vyungu vya maua, napiga mluzi. Jirani yetu, mama mmoja Mkenya, muuguzi mstaafu asiyejua kunong'ona, akatokea kwenye uzio.

"Wewe! Unapaka maua na mama yako ako kwa stage ya basi?"

Sijui niliruka uzio ama nilipita katikati yake. Mama alikuwa amekaa kwenye banda la kituo, katika baridi ya Novemba ile, kavaa kanga na malapa, mikono kaiweka mapajani. Watu wawili walikuwa wamesimama mbali naye kidogo, wakitazama simu zao. Chini ya benchi palikuwa na maji, na hapakuwa na mvua.

Nikapiga magoti mbele yake. Akaninong'oneza, "Nimefungua milango yote. Usimwambie mkeo."

"Simwambii, mama."

Jirani akavua koti lake akamfunika mama. Tulipofika mlangoni, jirani aliutazama mlango wangu, akanigeukia. "Baba, huu na ule wa choo ina tofauti gani?"

Alimwingiza mama bafuni yeye mwenyewe, akamwogesha, na mimi nikabaki koridoni, milango mitano ya kijani imenizunguka, kila mmoja umenyooka kingo.

Kazini niliomba ruhusa. Jioni ile na kesho yake nilipaka nyeupe juu ya kijani kwenye milango minne, wa choo nikauacha, na kijani kile kikawa kinachungulia. Mlango wa nje uliutaka mkono wa tatu, kisha wa nne. Kopo lililobaki nililipeleka wanakopokea taka za rangi, nikalikabidhi kama mtu anayesalimisha bunduki. Mke wangu aliona milango imebadilika, akaona na kanga imeanikwa, asiulize. Mpaka leo sijamwambia, na nadhani anajua.

Siku ya kwanza mama alisimama tena koridoni, akatazama ukuta. Ya pili hali kadhalika, na chai hakuigusa. Nilianza kuwaza kile kitanda cha hospitali. Ya tatu nilijificha jikoni, mlango nimeuacha wazi upana wa kidole, nikasikia malapa yakija, yakisita, yakija. Komeo la choo likagonga. Kisha kimya, kimya kirefu, hata nikaogopa ameanguka. Nikaenda kwa kunyata, nikaweka mkono kwenye kitasa na kukizungusha kidogo.

"Kuna mtu!" mama akafoka kutoka ndani, sauti ile ya zamani iliyokuwa inasikika mpaka shambani. "Huna adabu wewe? Nenda kachemshe maji."

Nikaenda kuchemsha maji.