Walipokuja Kupekua Makala ya Shangazi

Baba yangu alivaa shati lake jeupe la kanisani siku waliyopekua magunia ya makaa uani kwetu. Mwanangu, nikikumbuka leo nacheka mpaka mbavu zinauma, lakini siku hiyo sikucheka hata kidogo, kwa sababu harusi yangu ilitegemea kitakachotoka ndani ya magunia yale.

Kaa vizuri, nitakusimulia taratibu. Juzi baada ya misa mlikaa hapa kwangu, wewe na wenzako, kila mmoja na simu yake mkononi, mkibishana kama nchi ya jirani ndiyo inayowapa magaidi silaha, na kama vita vinakuja au haviji. Niliwasikiliza na mlinifurahisha. Kijana anayejali mambo ya nchi yake ana faida. Kisha mmoja wenu akamtaja yule jamaa anayeuza uniti za simu pale kona, akasema eti ukisikia jina lake tu umeshajua yuko upande gani. Wengine mkacheka. Hapo nilitaka kuinuka niseme neno, magoti yakakataa, na mkaondoka kabla sijapata pumzi. Basi nayasema leo.

Miaka ninayoizungumzia, mji wetu wa Kolwezi ulikuwa unaporomoka. Kampuni ya migodi iliyotujengea nyumba na shule ilikuwa inakufa polepole. Mishahara ilianza kuchelewa, baadaye ikawa haiji kabisa. Wanaume waliozoea kuamshwa na king'ora cha zamu wakawa wanaamka na kukaa nje wakisikiliza redio. Pale mtaani kwetu Dilala kulikuwa na benchi mbele ya nyumba, na mwenye benchi alikuwa baba, Tata Banza, karani wa zamani wa kampuni. Alipenda ubishi kuliko chakula. Mama anaita kwamba bukari inapoa, yeye yuko anamjibu waziri wa redioni kana kwamba waziri anamsikia. Nilimpenda sana baba yangu, na nilijivunia ulimi wake.

Ubishi wa siku zile ulikuwa huu huu wenu. Redio ilisema kuna watu wenye silaha porini, upande ambako reli inaelekea mpakani, wanachoma vijiji, na kwamba serikali ya nchi jirani ndiyo inayowalisha. Wengine pale benchini walisema hapana, ni wakubwa wetu wenyewe wa mji mkuu wanaowafuga ili wapate sababu ya vita. Baba aliamini ni jirani. Wakabishana kwa hoja, wakatajiana historia, jioni wakaagana kwa kupeana mikono. Ulikuwa ubishi mzuri, mwanangu, nami nilikuwa napenda kukaa karibu nikichambua majani ya sombe huku nasikiliza.

Kisha akaja mheshimiwa mmoja akahutubia kwenye uwanja wa mpira. Akasema bunduki za magaidi zinaingia mjini kwa treni, ushahidi anao, atauonyesha wakati ukifika. Na akasema wanaozipokea ni watu wa Kasai, mkoa mwingine wa nchi yetu hii hii, tunaoishi nao. Watu hao babu zao waliletwa kuchimba shaba hapa kabla hata baba yangu hajazaliwa. Tulisoma nao darasa moja, tukabatizwa kwa maji ya kisima kimoja. Lakini tangu siku ile, pale benchini sikusikia tena mtu akitaja serikali yoyote. Walitaja namba za nyumba za majirani.

Sasa ujue kwamba mimi nilikuwa nimeposwa na kijana wa Kasai. Jina lake Kazadi, mzaliwa wa Dilala kama mimi, mpole, mwenye mabega mapana, na kazi yake ilikuwa kupakua mizigo stesheni. Wazazi walikuwa wameshakaa pamoja, wameshakubaliana, ilibaki padri atangaze ndoa. Baba akaniita chumbani. Hakunitazama usoni. Akaniambia, "Feza, tungoje kwanza. Bantu banasema mambo ju ya bale ba stesheni. Tungoje mpaka tutajua kweli." Alimaanisha watu wanawasema wale wa stesheni. Nikamuuliza tutaijua vipi. Akasema ushahidi utaonyeshwa. Nililia wiki nzima, na kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyesema vile ni baba, mtu niliyemwona akidai hoja kwa kila mtu.

Hapo ndipo anapoingia shangazi yangu Masengo, dada mkubwa wa baba. Mwanamke mfupi, mkavu, hana mchezo, lakini akikupenda utashiba. Alikuwa akipanda treni kwenda Mutshatsha kununua makaa, sisi tunasema makala, na kuyauza sokoni Dilala. Magunia yake yalipofika stesheni, Kazadi ndiye aliyeyashusha, akayasukuma kwa mkokoteni hadi uani kwetu. Kwa hiyo unaona mwenyewe jinsi neno lilivyokwenda. Mutshatsha iko upande wa mpakani. Gunia la makala ni kubwa, hakuna anayeona lililomo katikati. Na mkono unaolipokea ni wa mtu wa Kasai. Pale benchini waliunganisha hayo wakaona wamekwisha kumkamata gaidi.

Basi mchana mmoja, magunia yamefika tu, akaingia Tata Umba. Huyu alikuwa rafiki wa baba wa miaka mingi, na sasa alikuwa mkubwa wa vijana wa chama cha yule mheshimiwa katika mtaa wetu. Alikuja na wanaume wa benchi. Baba akatoka ndani na lile shati jeupe, maana alikuwa ameombwa awe shahidi, na mambo ya ushahidi aliyapa heshima. Kazadi alikuwa bado kwenye geti, ameshika mkokoteni. Mimi nilikuwa mlangoni.

Shangazi alimtazama mdogo wake toka kola hadi viatu. "Banza, unaenda ku misa ao ku makala?"

Tata Umba akajibu yeye. "Mama Masengo, usikasirike. Serikali ya kule ng'ambo inatumaka bunduki, na zinapita mu makala. Bantu bote banajua."

"Mutafute basi," shangazi akasema. "Mufungue yote. Lakini makala yangu mutarudisha mu magunia vile mulikuta." Akavuta kigoda, akaketi.

Wakakata kamba za gunia la kwanza, wakalimwaga. Makaa matupu. Wakamwaga la pili. Vumbi jeusi likapanda, kuku wakakimbia, nguo za jirani zilizoanikwa zikabadilika rangi. Waliendelea mpaka gunia la mwisho, na ua wetu ukawa mweusi kutoka ukutani hadi ukutani. Hapakuwa na bunduki. Hapakuwa hata na kisu cha kumenyea muhogo. Nikajisemea, yamekwisha, ushahidi si ndio huu.

Kumbe bado. Tata Umba alijifuta uso, akafikiri kidogo, akasema, "Balibaambia mbele. Njo maana hatukuone kitu. Huyu kijana ni mwerevu." Yaani walikuwa wameonywa mapema, ndiyo maana hatukuona kitu. Na wale wanaume, mwanangu, wakatikisa vichwa kukubali. Nikamtazama baba, naye alikuwa anaanza kutikisa kichwa kama wao.

Shangazi hakupandisha sauti. Alimgeukia baba peke yake, kama vile wengine hawapo.

"Banza, mi ni yaya yako, dada yako mukubwa, nakuuliza kitu kimoja. Tungekuta bunduki, mungesema Kazadi ni teroristi. Hatukuta, munasema ni teroristi mwenye akili. Sasa uniambie, huyu mutoto alete nini ndio mutasema hana kosa?"

Baba alimtazama Kazadi, akatazama makaa, akamtazama tena dada yake.

"Kama hakuna kitu anaweza kuleta," shangazi akaendelea, "basi hamukukuya kutafuta bunduki. Mulikuya kutafuta muntu."

"Umba," baba akasema polepole, "jibu wewe. Mi sina jibu."

Tata Umba alisema wakati wa vita si wakati wa maulizo mingi. Baba akamwambia, "Basi mi nabakia na maulizo." Tata Umba akaondoka na watu wake, na hakuna aliyerudisha hata kipande kimoja cha makaa.

Shangazi aliwaacha wapite geti, akamnyooshea baba gunia tupu. Mwanangu, wewe unapika kwa jiko la mbabula lakini hujawahi kufunga gunia la makala, kwa hiyo sikiliza. Vipande virefu husimama pembeni, vidogo hukaa katikati, unalitikisa lishuke, unajaza tena, na juu unapanga vizuri kabla ya kushona kamba. Baba alikuwa anayatupia tu kama takataka. Gunia likasimama limekonda, limepinda upande. Shangazi akalimwaga, akamwambia aanze upya. Akaanza upya, na lile shati likawa halijulikani tena ni la rangi gani. Ndipo Kazadi akaacha mkokoteni, akaja kuchuchumaa mbele yake.

Baba akamwambia, bila kuinua kichwa, "Kazadi, mi nakujua tangu ulikuwa unavaa kaputula. Mulomo yangu ilisahau."

"Tata," Kazadi akajibu, "ushike gunia wima."

Hayo ndiyo maneno yote waliyosemezana kuhusu jambo lile, mpaka baba alipokufa. Mama alitokea jikoni, akawaona wote wawili weusi tititi, akaanza kucheka, na mimi nikacheka na kulia pamoja. Makaa mengi yalikuwa yamevunjika, hayakujaa tena magunia yale. Shangazi alinuna kwa ajili ya chenga zake siku kadhaa. Jumapili padri alitangaza ndoa.

Usifikiri mji ulitulia. Miezi haikupita mingi, watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa majumbani mwao. Walikusanyika stesheni na magodoro na masufuria, wakingoja treni ambazo hazikuja kwa siku nyingi. Mimi na mume wangu shangazi alitupeleka Mutshatsha kwa rafiki zake wa makala, tukaishi huko, tukalima, tukapata mtoto wetu wa kwanza. Wakwe zangu waliamua kurudi Kasai, nchi ambayo mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kuiona kwa macho.

Siku waliyotoka, nilirudi mjini kuwaaga. Vijana walikuwa wamesimama pande mbili za barabara wakizomea. Baba aliingia nyumbani kwa wakwe, akachukua furushi kubwa la mama mkwe, akaliweka kichwani. Unajua kule kwetu mwanaume wa umri wake, karani, habebi kitu kichwani, sembuse mzigo wa mke wa mtu. Akatembea nalo katikati ya barabara, mbele ya Tata Umba, mbele ya watu wa benchi lake. Mama mkwe aliona haya, akamnong'oneza, "Tata Banza, bantu banakuona."

Baba akamjibu kwa sauti ya kawaida, "Njo maana nabeba mu kichwa. Baone." Akafika nalo hadi stesheni, akakaa na wakwe zake pale chini siku zote walizongoja treni. Benchi lake halikujaa tena watu, na sikumsikia akilisikitikia. Mama mkwe wangu alirudi mambo yalipopoa. Alizeekea nyumbani kwangu, na alikuwa akimtetea baba kwa kila mtu.

Sasa nasaha yangu. Vita vilikuja baadaye, na vilitokea upande ambao hakuna aliyeutaja. Nani alimlisha nani, mpaka leo wasomi wanabishana. Siwaambii kwamba serikali hazifugi wauaji, mwanangu. Zipo zinazofuga, na mna haki ya kuuliza na kudai majibu. Lakini ulizeni serikali. Ukiona ubishi wa nchi na nchi umefika mlangoni kwa muuza uniti, jua kuna mtu ameuelekeza huko, na usimsaidie. Na mtu akikuambia fulani ni mmoja wao, usigombane naye. Muulize kwa upole, ungeona nini ndipo ungekubali kwamba si mmoja wao? Akikujibu, mtafuteni pamoja hicho kitu. Akikosa jibu, ondoka pale, hata kama ni rafiki yako, hata kama ni baba yako anayetikisa kichwa. Na ukijikuta wewe ndiye unayetikisa, acha katikati. Baba yangu aliacha katikati, na mimi nimekuwa na miaka mingi ya furaha kwa sababu hiyo.

Mungu awape kazi za kuwachosha na ubishi wa kuwaburudisha. Awape wakwe mtakaopendana nao, kutoka mkoa wowote atakaopenda. Na siku mtakayonyooshewa kidole ninyi, kwa maana mimi nimeona hakuna kabila ambalo zamu hiyo hailifikii, Mungu aweke pale uani mtu mmoja atakayewaulizia swali lile la shangazi. Amina, mwanangu. Sasa nenda pale kona, ukaninunulie uniti, na umsalimie yule kijana kwa jina lake.