Uzi wa Karani na Shangazi wa Mlingotini

Jumatatu, posta ya hapa Bagamoyo, nilimkuta karani amechomeka pini kwenye ramani na kuzipitishia uzi. Mkubwa wake, mpenzi wa mbio za magari na mmoja wa waandaaji wake, alimtaka apange upya mashindano ya mwaka: Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala. Mwaka jana madereva walikwenda na kurudi njia ileile mpaka wakachoka kabla ya kushindana.

"Nimepata njia fupi kuliko zote," alisema, akiigundisha bahasha yenye ratiba hiyo.

Nyuma yangu alisimama mama mmoja ambaye kazi yake ni kutumwa kualika watu harusini, nyumba hadi nyumba. Akachungulia ramani.

"Mwanangu, umeanza kwa nani?"

"Kwa aliye karibu, mama. Dar es Salaam."

"Na mkubwa wao nani?"

"Nairobi. Ndio walioanzisha mbio hizi."

"Nawe umewaweka wa tatu!" Akashika kiuno. "Mimi huanza kwa shangazi wa bwana harusi, hata akiwa mbali kule kijijini Mlingotini. Njia fupi baadaye. Shangazi akizipata habari kwa jirani, haji, na nusu ya ukoo hawaji."

Karani alicheka. Kisha akaichana bahasha, akaanza upya na Nairobi. Njia sasa ilikuwa ndefu zaidi, uzi haukutosha kwa shubiri nzima. Akaniomba nishike ncha aunge mwingine.

Tangu hapo, kila nikienda kununua stempu, naichunguza ramani ile. Mito ina rangi yake, reli ina yake, mipaka ina yake. Shangazi hajachorwa.